Marahaba Bila Shikamoo

Wiki iliyopita tuliachana Mombo, kando ya barabara kuu. Gari limezimwa. Mume wangu ameshika usukani kwa mikono miwili, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kwamba kabla ya hoteli, kabla ya chakula, kabla ya mandhari yoyote, nataka anipeleke kwenye kaburi la mama yake.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Yudith, Mnyiramba wa Singida, nafundisha kazi za maabara katika chuo kimoja mjini Tanga. Mume wangu Valentino, ambaye sote tunamwita Vale, yuko ofisi ya utumishi chuoni hapo hapo. Tulikuwa kwenye fungate, zawadi ya wafanyakazi wenzetu. Siku chache ufukweni Tanga, kisha siku chache Lushoto, milima aliyozaliwa yeye.

Ya ufukweni nimeshayasimulia. Mhudumu aliyeitwa kwa mluzi. Samaki aliyerudishwa jikoni hadi mpishi akatoka mwenyewe kuja kuona ni nani huyo. Nilidhani uchafu wa safari hii utaishia usawa wa bahari.

Jambo moja sijalisema bado, na bila hilo hamtaelewa ya leo. Mimi na Vale tulikutanishwa na msiba.

Mwaka ule wa mvua kubwa, miaka miwili iliyopita, lilibandikwa tangazo chuoni kwamba mwenzetu amefiwa na mama mzazi huko Lushoto. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya kufa na kuzikana. Tulijipanga kupanda tukazike, lakini barabara ya kutoka Mombo ilikuwa imezibwa na maporomoko. Tukatuma rambirambi kwa simu. Nikasimama mbele ya wafanyakazi wote nikaomba dakika moja ya kimya.

Vale aliporudi kutoka kuzika nilimpelekea uji wa ulezi kwenye chupa, nami machozi yananitoka. Alipoona chupa akalia, bila kujifunika uso, bila aibu. Mimi ni mtu wa kuamini kile ninachokiona. Niliona machozi, nikaamini.

Na jambo jingine, la siku ya harusi yetu. Upande wake alikuja ndugu mmoja tu, baba yake mdogo, Mzee Kornelio. Mshereheshaji alipotuomba tusimame kumkumbuka marehemu mama wa bwana harusi, ukumbi mzima ulisimama. Mzee Kornelio alibaki ameketi. Chakula kilipoletwa, kiti chake kilikuwa kitupu. Niliuliza. Vale akasema, "Mzee ana vidonda vya tumbo."

Sasa turudi Mombo.

"Kaburi liko kwenu Shume?" nilimuuliza.

"Hapana. Alifia hospitali. Alizikwa Lushoto mjini."

"Si uliniambia kwenu watu huzikwa nyumbani, pembeni ya migomba?"

"Mvua, Yudi. Barabara ya Shume ilikuwa matope matupu. Ungetaka tumbebe vipi?"

Akawasha gari. Tukapanda kona kwa kona, tukapita Soni, na njia nzima alikuwa anapiga mluzi kwa pumzi ndogo, kama mtu anayetafuta alikoweka kitu.

Makaburini alitembea mbele yangu, akasita, akageuka kushoto, akarudi kulia, kisha akasimama penye msalaba wa saruji uliokuwa umeinama. Jina lilikuwa limefutika.

"Hapa," alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

Niliweka maua. Nikainama, nikagusa saruji. Ilikuwa imeota ule ukoko wa kijivu unaoshika mawe ya zamani, madoa mapana kuliko kiganja changu. Ukoko ule huota polepole mno. Hauwezi kufikia upana ule katika miaka miwili, hata kwenye unyevunyevu wa Usambara. Nalijua hilo kama ninavyojua maji huchemka.

Nilijibu nini moyoni? Nilisema, huku milimani labda kila kitu huota haraka. Ndivyo ndoa changa inavyomfanya mtu mwenye shahada.

Tukashuka mjini kula.

Mtu aliyetoka kumlilia mama yake huketi vipi mezani? Sijui, hakuna kipimo. Lakini najua nilichokiona. Alivuta kiti kwa mguu. Akapiga vidole hewani. Msichana alipofika, akamsoma kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama anayechagua nyama buchani.

"Lete kuku. Wa kienyeji, usiniletee wale wenu wa kuvimba. Na supu ianze."

Supu ilikuja. Akanusa. Akaonja. Kisha akakirudisha kijiko kile kile, chenye mate yake, ndani ya bakuli la pilipili lililokuwa la meza nzima, akakoroga.

"We dada! Hii supu imepikwa na mtu aliyefiwa? Mbona haina chumvi?"

Akacheka. Akanitazama ili nami nicheke.

Dakika chache nyuma machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye kola. Kola ilikuwa bado na unyevu. Nilikitazama kile kinywa kikinyonya mfupa, kikiugeuza, kikiunyonya upande wa pili, ulimi ukifuata uboho ndani kabisa. Nimechunguza vinyesi vya wagonjwa kwa miaka mingi na sijawahi kuacha kula mchana wangu. Siku ile nilisukuma sahani.

"Huli?"

"Nimeshiba."

"Hujagusa kitu."

"Ndiyo. Nimeshiba."

Akavuta sahani yangu akala na yangu. Alipomaliza akafuta vidole kwenye ukingo wa kitambaa cha meza, akachokonoa jino kwa ukucha wa kidole chenye pete yetu, akakiangalia alichokitoa, akakirudisha mdomoni.

"Twende tukaone mandhari," alisema. "Watu wanatoka Ulaya kuja kuona, sisi tukae hapa?"

Kuna ukingo nje kidogo ya mji ambapo mlima unakatika ghafla. Ukisimama pale unaiona Mombo chini, nyumba kama punje za mchele, na tambarare inakwenda hadi macho yanachoka. Pembeni pana mgahawa mdogo wa mbao. Sitautaja jina, haukukosa chochote.

Vale alivaa miwani yake ya jua, akapiga picha zake mwenyewe kwa mkono ulionyooshwa, kisha akaketi amelipa jiko mgongo.

Msichana mhudumu alikuja, mchangamfu, beji yake imeandikwa Happiness.

"Karibuni wageni. Poleni na safari. Tuna chai ya mchaichai, mkate wa nyumbani, na mapeasi yamechumwa asubuhi."

"Mapeasi," nilisema. "Na chai."

Akageukia jikoni akapaza sauti. "Mama Vale! Sahani ya mapeasi, watu wawili!"

Nilicheka. Kwa kweli nilicheka, ndilo lililokuwa jambo la kwanza kunichekesha tangu Tanga.

"Umesikia? Una mama mwingine huku."

Vale hakucheka. "Kina Vale wamejaa milimani hapa. Kila ukoo una wake." Akatazama saa. "Yudi, tuondoke. Kuna nzi."

"Sioni nzi."

"Kuna baridi."

"Ulisema Tanga unakosa baridi ya kwenu."

"Mke wangu, mbona kila kitu wewe ni ubishi? Nimesema tuondoke!"

Lakini mapeasi yalikuwa yameshafika.

Aliyeyaleta alikuwa mama wa makamo, mfupi, kanga kiunoni, kilemba cha kitenge, mikono imelowa. Alikuja kwa upande wangu, akanitabasamia, akaweka sahani. Kisha akamtazama mteja wake wa pili.

Akasimama. Mkono ulibaki juu ya sahani, haukurudi.

Alisema kitu kwa Kishambaa. Maneno machache, kwa sauti ya chini sana. Mimi Kishambaa sikijui. Lakini nilimwona Vale: mabega yalipanda hadi masikioni, kama ya mtoto aliyeitwa akiwa juu ya mti wa jirani.

Kisha akajirudi. Akairekebisha miwani. Akasema, kwa Kiswahili cha redio, "Habari yako, mama."

Ndugu wasomaji wa mijini labda mtaona ni salamu ya kawaida. Lushoto si ya kawaida. Huku hata mlevi akimkuta mama wa watu njiani hujishika ukutani akatoa shikamoo yake kwanza, ndipo aendelee kuanguka. Kwenye meza ya jirani walikuwa wameketi wazee wawili. Vikombe vyao vilisimama njiani kuelekea midomoni.

Yule mama alimtazama muda mrefu.

"Marahaba," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwamkia. Aliitikia shikamoo ambayo haikutolewa, kwa sauti tulivu, ya mtu anayeokota kitu chake kilichodondoshwa na mwingine. Kisha akageuka akarudi jikoni.

Happiness alishindwa kuvumilia. "Kaka, samahani. Huku mama wa rika lile tunampa shikamoo."

"Sisi wageni," alisema Vale. "Hatujui mambo yenu."

"Shikamoo huijui? Kwani umetoka nchi gani?"

"Wewe umeajiriwa kuhudumia au kuhoji? Niitie mwenye mgahawa!"

Mimi sikuwa nawasikiliza tena. Nilikuwa natazama sahani.

Mume wangu ana namna yake ya kumenya tunda. Hasogezi kisu. Kisu hukishikilia palepale, huzungusha tunda, ganda likatoka utepe mmoja mrefu usiokatika, na kikonyo hukiacha kimesimama juu ili tunda lipate pa kushikwa. Mwanzoni nilidhani ni maringo. Nilimuuliza nani alimfundisha, akasema, "Nilizaliwa nayo." Sijawahi kumwona mtu mwingine wa Tanga, wa Singida, wa popote, akimenya hivyo.

Mapeasi mbele yangu yalikuwa yamemenywa hivyo. Kila moja na kikonyo chake. Maganda yalikuwa yamezungushwa pembeni ya sahani, tepe ndefu, nzima.

Ukoko wa msalaba. Mzee Kornelio aliyebaki ameketi. Mama Vale. Na sasa hili. Katika maabara, vipimo vyote vikitoa jibu moja, mwenye akili huacha kulaumu vifaa.

Nilisimama.

"Unakwenda wapi?" Vale alinishika kifundo cha mkono.

"Chooni."

"Choo kiko kule."

"Nimekiona," nilisema, nikaenda jikoni.

Mimi jiko la watu huliingia kama askari; macho yangu huanza kwenye sakafu. Lile lilikuwa safi kuliko jiko langu. Sufuria zimefunikwa kifudifudi, mkaa umepangwa, kitambaa cha vyombo kimeanikwa juani. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, kisu mkononi, peasi mkononi, na hakuna kilichozunguka.

Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akaninyanyua kwa macho. "Ndiye wewe mwalimu wa Tanga?"

"Ndiye mimi."

"Kornelio alisema mrefu. Hakusema mwembamba hivi. Unakula?"

"Leo sijala."

"Basi kula." Akanipa peasi. Nikalishika. "Alirudi na njaa, Kornelio. Alikwenda kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake, akarudi usiku hajatia kitu tumboni. Nikamuuliza, shemeji, wamekunyima? Akasema, shemeji, mimi siwezi kula pilau ya matanga ya mtu niliyemwacha akichuma maharage. Ndivyo nilivyojua nimekufa."

Alisema vile anavyosema mtu bei ya nyanya.

"Kwa nini hakusimama akasema palepale?"

"Mbele ya wakwe? Mtu mzima haaniki aibu ya nyumba yake ukumbini."

"Na wewe mama, baada ya hapo? Hukupiga simu?"

"Nilipiga. Namba haipatikani. Nikasema, akinihitaji anajua Shume ilipo. Mwaka huu ndipo nikashuka hapa, huyu mwenye mgahawa ni binti wa dada yangu." Akafuta kisu kwenye kanga. "Niambie, mwanangu. Nilililiwa?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilijibu ukweli, ndio ninaoujua.

"Sana. Chuo kizima kilisimama kimya. Mimi ndiye niliyeomba dakika. Kina mama wa usafi walivaa kanga nyeusi. Mkuu wa chuo alisoma Zaburi."

"Zaburi gani?"

"Ya mchungaji."

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyeridhika. "Nzuri hiyo. Mbona hamkuja kuzika?"

"Barabara ilikuwa imekatika, mama. Maporomoko."

"Eh! Siku zile?" Akashika shavu, na kwa mara ya kwanza akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Siku zile hata sisi hatukushuka. Tulikwama Shume tunakula viazi. Kumbe chini kule natandikiwa mkeka!"

Akaacha kucheka. Akatazama mlango.

Vale alikuwa amesimama pale. Sijui alikuwa amesimama muda gani. Miwani alikuwa ameivua, na bila miwani macho yake yalikuwa madogo.

"Yudi, njoo nje. Nitakueleza."

"Nieleze hapa."

"Si mbele ya..."

"Mbele ya nani?" alisema mama yake. "Marehemu hasikii. Sema tu, baba."

Nitayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi nikitafuta mahali penye utu, na sijapaona.

"Likizo yangu ilikuwa imekwisha," alisema. "Wenzangu wa zamani, wa sekondari, walikuwa wanakwenda Unguja. Kina Alen. Wameshalipa kila kitu. Mkubwa wangu akaninyima ruhusa. Ruhusa pekee ambayo hawawezi kumnyima mtu ni ya msiba."

"Unguja," nilisema.

"Siku chache tu."

"Ulikwenda kufanya nini Unguja?"

"Kutembea. Kama watu wengine. Tulikula Forodhani. Tulikwenda kuwaona kobe."

"Ukamwua mama yako ukaenda kuwaona kobe."

"Sikumwua! Nilisema tu! Kusema kunaua?" Akageuka kwa mama yake, kisha akageuka haraka kwangu, hakuweza kumtazama. "Nilijua nitakuja kurekebisha. Nitasema tulikosea, alizimia, akazinduka, mambo hutokea. Nikarudi, nikakukuta umekuja na chupa ya uji. Unalia, Yudi. Wewe! Mtu ambaye hujawahi kulia chuoni. Ningekwambiaje?"

"Na wewe ulilia."

"Nililia kwa sababu ya wewe."

Kuna watu watasema hapo alisema ukweli, na kwamba ukweli una thamani yake. Mimi nilichokiona ni kijana aliyerudi kutoka ufukweni, ngozi imeiva kwa jua la Unguja, akinywa uji wangu wa matanga hadi tone la mwisho. Sasa nilikumbuka ile rangi ya uso wake. Tulidhani ni uchovu wa msiba. Mwalimu mwenzangu alisema, "Maskini, amekuwa mweusi kwa majonzi."

Peasi lilikuwa bado mkononi mwangu. Nililiweka chini. Mikono yangu ilinata, na nilitamani kuiosha kwa kitu kikali kuliko sabuni, hasa ule wenye pete.

"Lile kaburi tuliloweka maua," nilisema, "ni la nani?"

"Sijui."

"Ulimlilia mtu usiyemjua?"

"Ulinibana, Yudi! Mombo pale ulinibana!"

Mama yake aliinuka kutoka kwenye kigoda. Alikuwa mfupi kuliko kifua cha mwanawe, lakini Vale alirudi nyuma.

"Mlikwenda makaburi ya mjini?" aliuliza. "Ya wasio na kwao?" Akatikisa kichwa. "Mtoto huyu. Hata kunizika hajui. Mimi nina shamba, nina migomba, baba yako amelala pale pembeni ya nyumba na nafasi yangu imeachwa. Wewe unakwenda kunilaza na watu waliookotwa barabarani."

Ni hilo lililomvunja sauti. Kuuawa alikuwa amekubali. Kuzikwa ugenini, hakukubali.

Akafungua kilemba, akakifunga upya, taratibu, kwa kukaza. Akachukua kikapu cha mapeasi kilichokuwa kimejazwa kwa ajili ya wateja wa jioni.

"Happiness!" aliita. "Mwambie mwenye mgahawa leo siwezi. Nashuka Tanga."

Vale alikauka. "Tanga kufanya nini?"

"Mtu akililiwa hushukuru. Hujafundishwa? Baada ya arobaini, wafiwa hupita kwa majirani wakasema asanteni kwa kutushika mkono. Wewe umepita kwa nani? Hujapita. Miaka miwili watu wale wana deni la shukrani kwangu... la, mimi ndiye nina deni kwao." Akanigeukia. "Yule mkuu aliyesoma Zaburi bado yupo?"

"Yupo mama."

"Na kina mama wa usafi?"

"Wapo."

"Basi mapeasi haya ni yao."

Akapita katikati yetu, kikapu kichwani, akatoka.

Hapo ndipo Vale aliporuka mbele yake, kwenye uwanja wa mgahawa, mbele ya wale wazee wawili na vikombe vyao. Akapiga magoti. Magoti yote, kwenye changarawe.

"Shikamoo mama," alisema. "Mama. Shikamoo."

Mama Vale alisimama. Nilingoja. Happiness alingoja. Hata wazee walingoja.

Akampita. Hakuitika. Marahaba yake alikuwa ameshaitoa, na mwanawe hakuwepo kuipokea.

Alifika kwenye gari letu, akafungua mlango wa mbele, akaketi kwenye kiti changu, akapakata kikapu, akafunga mkanda.

Vale alinyanyuka. Changarawe zilikuwa zimemganda kwenye suruali na hakuzifuta. Akanivuta kando ya meza yetu, na alipoanza kusema, machozi yalikuwa yameshakauka. Hayo nayo niliyaona. Yalikuwa yamekauka kabisa.

"Sikiliza sasa kwa akili yako, si kwa hasira. Mama akishuka pale chuoni, mimi sina kazi. Sawa. Na wewe?"

"Mimi nimefanya nini?"

"Nani alikuwa katibu wa kamati? Nani alisimama akaomba dakika ya kimya? Nani alikitangazia chuo kizima kwamba amethibitisha kifo? Wewe ulisema umethibitisha, Yudi. Maneno yako. Kisha ukaolewa na mimi. Nani pale ataamini kwamba mke wa Vale hakujua?"

Nilikuwa nimethibitisha. Nilikuwa nimempigia simu mfiwa mwenyewe, nikamuuliza kama ni kweli, akasema ni kweli, nikatangaza. Mtu wa maabara, aliyepima sampuli moja.

"Tuko mtumbwi mmoja," alisema, na akanishika kiuno. Kwa mkono ule ule aliochokonolea jino. Alitabasamu kidogo, na katikati ya meno niliona uzi wa nyama ya kuku wa mchana. "Nenda ukamwambie ashuke. Wewe anakusikiliza. Tumpeleke Shume, tumsalimie vizuri, tumnunulie blanketi. Tutakuja kila mwezi. Atasahau."

Akaweka funguo za gari juu ya meza, akatoa mkono wake kiunoni, akarudi nyuma hatua moja, kama anayenipa nafasi ya kuwa mke mwema.

Funguo zililala katikati ya maganda ya peasi, zile tepe ndefu zisizokatika. Udereva ninaujua. Njia ya kwenda Shume inapanda kulia, njia ya Tanga inashuka kushoto, na kutoka pale mgahawani zote mbili zilionekana.

Kule kwenye gari, Mama Vale alinyoosha mkono kwenye usukani wa mwanawe, akapiga honi. Mara moja tu, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi.

Mimi na Vale tulizitazama funguo kwa pamoja. Kisha mikono miwili ikaenda mezani, wa kwake na wa kwangu, na mmoja ukatangulia.